Sijawa mheshimiwa: bodi ya bustani, makaratasi yake na pesa ambazo hazipo

Hamjambo ndugu zangu. Niko ndani ya gari, nje ya kazini, shifti yangu inaanza saa tano usiku, kwa hiyo mtanisamehe mwanga hafifu.

Tangu niweke ile picha nikiwa nimekaa mezani na kibao cha jina langu mbele yangu, swali limekuwa moja. "Dada, wewe si raia, umeingiaje kwenye serikali ya Wamarekani?" Halafu linafuata la pili papo hapo: "Wanakulipa ngapi?" Na wapo waliosema najionyesha. Basi niseme mapema. Sikuchaguliwa kwa kura, mimi si diwani, sina ofisi, na malipo ni sifuri. Nimeteuliwa kuwa mjumbe wa bodi ya ushauri ya bustani za umma na michezo katika mji mmoja wa California. Mji wenyewe siutaji, kwa sababu mengine nitakayoyasema yanauma na watu wa pale bado tunakutana kila mwezi. Na wale wanaojiandaa kuandika kwamba nalalamika huku nakula nchi ya watu, nikizima simu hii nakwenda kugeuza wagonjwa vitandani mpaka asubuhi. Ninachokula nakitolea jasho.

Nilianza kwa hasira, siwafichi. Watoto wetu, wangu na wa kina mama wengine kutoka nyumbani, walikuwa wanacheza mpira kila Jumapili alasiri kwenye uwanja wa bustani iliyo karibu na tunakoishi. Uwanja mtupu, nyasi nzuri, hakuna mtu. Jumapili moja akaja mfanyakazi wa mji na kutuuliza kibali. Kibali gani? Kumbe mkishakuwa kikundi kinachokuja kila wiki mnahesabiwa kama ligi. Nikaenda kuomba hicho kibali. Wakanipa orodha: majina na anwani za wachezaji kuonyesha wengi wao ni wakazi wa mji, ada ya kila saa, na bima ya kulipia watu wakiumia, ya dola milioni moja, na mji uandikwe ndani ya bima hiyo kwamba nao unalindwa. Watoto kumi na wanne na mpira mmoja! Na hata ukileta vyote hivyo, saa nzuri zilishagawiwa ligi kubwa ambazo zimekuwa zikipewa zilezile kila msimu, miaka nenda miaka rudi. Siku ile nililia mbele ya dirisha la ofisi. Mwanangu aliniona, na hilo sijalisahau.

Mama mmoja jirani, Mmarekani, ndiye aliyeniambia niende kwenye mkutano wa bodi. Niliogopa kwamba wangeniuliza makaratasi mlangoni. Hapa wale wenzangu mlioko California mnisikilize vizuri: kuna sheria inaitwa ya Brown, ya mwaka 1953, inayosema mikutano ya vyombo kama hivi iwe wazi, na huwezi kulazimishwa kuandika jina lako ili uingie. Karatasi ya mahudhurio ikiwepo, ni hiari. Hakuna aliyeniuliza uraia. Nilipewa dakika tatu za kusema, nikasema, nikatetemeka, nikamaliza. Halafu kimya. Wajumbe saba wananitazama, mwenyekiti anasema asante, anaita anayefuata.

Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo. Nikamwambia mume wangu, hawa watu wametudharau. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba sheria ileile iliyonifungulia mlango ndiyo iliyowafunga wao midomo. Ajenda lazima ibandikwe saa 72 kabla ya mkutano wa kawaida, na jambo ambalo halimo kwenye ajenda hawaruhusiwi kulijadili wala kuliamulia. Wanaweza kukujibu kwa kifupi, au kuagiza wafanyakazi walilete siku nyingine. Ninalisema kwa uchungu kwa sababu najua watu wetu wengi wamekwenda mara moja, wakakutana na ule ukimya, wasirudi tena.

Mimi nilirudi. Mkutano wa tatu, suala la ugawaji wa viwanja likawa kwenye ajenda, na ripoti ya kurasa kumi na kitu. Bodi ikapiga kura kupendekeza kwamba uwanja mmoja uachwe wazi Jumapili kwa saa nne, asiyekuwa na kibali acheze. Tulipiga vigelegele, wazungu wakashangaa. Pendekezo likaenda kwa baraza la jiji. Madiwani wakazikata zile saa nne, zikabaki mbili tu. Hapo ndipo nilipojua bodi ni nini, kabla hata sijawa mjumbe wake.

Niwaeleze basi, maana mnadhani nimekalia kiti kikubwa. Wenye kauli ya mwisho juu ya pesa na sheria ndogo za mji ni madiwani. Chini yao yuko meneja wa jiji, ambaye ameajiriwa, na chini ya meneja yuko mkurugenzi wa bustani na watu wake. Bodi yetu haimo kwenye ngazi hiyo, iko pembeni. Hatuajiri, hatufukuzi, hatutii saini mkataba, hatuhamishi hata dola moja. Tunasoma, tunauliza, tunasikiliza wakazi, kisha tunapiga kura ya kupendekeza. Si kila mahali ni hivyo. Minneapolis, kwa mfano, ina bodi ya bustani tangu 1883, yenye makamishna tisa wanaochaguliwa na wananchi, na bustani ziko mikononi mwao wenyewe, si mwa baraza. Ile ni nguvu nyingine kabisa. Yetu ni ya kuuliza tu.

Lakini kuuliza hadharani, jibu likaandikwa kwenye kumbukumbu, si jambo dogo. Mwaka jana ulikuja mpango wa kuchukua kona ya bustani moja ya zamani iwe maegesho ya magari. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikauliza: bustani hii iliwahi kupokea pesa za serikali kuu kutoka ule mfuko wa ardhi na maji ulioundwa kwa sheria ya 1964? Ukumbi ukatulia. Maana ardhi ikishaguswa na ruzuku ya mfuko ule, inatakiwa ibaki ya watu kupumzikia na kucheza nje daima. Ukitaka kuigeuza, mpaka serikali kuu ikubali na utoe ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua ile. Wakaenda kuchimba makabati, wakaikuta karatasi ya ruzuku na ramani yake. Maegesho hayakurudi tena kwenye ajenda. Ya Profesa Wangari Maathai mwaka 1989, alivyopinga ghorofa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park kule Nairobi, mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Ila siku ile nilimfikiria sana.

Sasa makaratasi, ambayo ndiyo mnayoniuliza kila siku.

Tangu tarehe 1 Januari 2020, kwa sheria ya jimbo iitwayo SB 225, mkazi wa California mwenye miaka 18 au zaidi anaweza kushika nafasi ya kuteuliwa hata kama si raia. Hayo yameandikwa. Lakini mimi nilipofungua fomu ya maombi ya mji, swali la nne lilikuwa: wewe ni mpiga kura uliyesajiliwa katika mji huu? Ukijibu hapana, fomu haisongi mbele. Inakaa pale pale na alama nyekundu. Mtu mmoja wa kwetu, wa nia njema kabisa, akaniambia, "Jibu ndiyo, ni fomu tu, nani atakagua?"

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka mnisikie hata kama mengine yote mtayasahau. Usijibu ndiyo. Kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, haikupi kura ya Marekani. Mwenye kusema ni mpiga kura hapa ni kama amesema ni raia, na sheria ya uhamiaji ya 1996 haina huruma na anayedai uraia usio wake. Unaweza kuondolewa nchini na ukakosa njia ya kurudi. Kwa ajili ya kiti kisicholipa! Mimi nilichapisha ile fomu, nikajibu hapana kwa kalamu, nikaipeleka kwa mkono. Wakanirudisha. Nikarudi na nakala ya sheria. Wakasema watauliza wakili wa mji. Wiki tano. Nikarudi mara ya tatu nimetoka shifti, sijalala, na nafasi ilikuwa inakaribia kujazwa. Mwishowe wakakubali kwamba fomu yao ilikuwa ya zamani kuliko sheria. Hakuna aliyeniomba radhi. Fomu wameirekebisha, hilo nawashukuru kwa ajili ya atakayekuja nyuma yangu.

Haya ni yangu mimi. Kuna miji yenye katiba yake yenyewe ambayo bado inataka mjumbe awe mpiga kura, na majimbo mengine yana sheria zake. Na kama makaratasi yako bado yanashughulikiwa, zungumza na wakili wa uhamiaji kwanza, usinifuate mimi wa kwenye simu. Nafasi zinazokwisha muda, kila mji wa California unatakiwa kuziorodhesha hadharani kabla ya Desemba kuisha, kwa sheria ya Maddy. Waombe orodha hiyo, ni haki yako.

Baada ya kuteuliwa ikaja Fomu 700, ya kutangaza vipato na mali zinazoweza kukugonganisha na kazi ya mji. Si kila bodi ya ushauri inaijaza, sisi tumewekwa kwenye orodha. Usiku mzima nilikaa nikijiuliza kile kishamba cha nyumbani nikiandike wapi. Kumbe ardhi inayoulizwa ni ya ndani ya mji na jirani yake tu. Na jambo lililonishinda kulizoea: wajumbe wanne kati yetu saba hatuwezi kuzungumzia mambo ya bodi kwenye WhatsApp. Wanne ni wengi wa bodi, na hiyo ni sawa na mkutano wa siri. Sisi tuliozoea kila jambo kuwa na kikundi chake!

Pesa. Kila mkutano kuna mzee anasimama na kuuliza, kwa haki kabisa, mbona mnajenga bustani mpya kule kwenye nyumba mpya na vyoo vya bustani yetu mmevifunga? Nami kabla sijakaa pale ningedhani kuna mtu anakula. Ukweli ni kwamba pesa ziko kwenye vyungu tofauti na huruhusiwi kumimina kimoja ndani ya kingine. Anayekata viwanja vya nyumba mpya, kwa sheria ya Quimby ya 1965, anaweza kutakiwa atoe ardhi ya bustani au pesa badala yake, kwa kipimo cha ekari 3 kwa kila watu 1,000, hata kufika 5. Pesa hizo ni za kujenga au kukarabati. Mshahara wa anayeosha choo haumo. Huo unatoka kwenye mfuko mkuu wa mji, ambao polisi, zimamoto na barabara wote wanauchotea. Nao mfuko wenyewe ulibanwa tangu wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 13 mwaka 1978, lililoweka kikomo cha msingi cha kodi ya nyumba kuwa asilimia 1 ya thamani, na thamani ya kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe au ijengwe upya. Sisemi ni vibaya, mwenye nyumba mzee imemsaidia asihame. Nasema tu vyoo vinafungwa kwa sababu hiyo, na ninapomweleza yule mzee naona machoni pake hajaridhika. Mimi mwenyewe sijaridhika.

Na hili la mwisho ni la familia, mtanivumilia. Tangu ile picha, simu zimebadilika. Ninaitwa mheshimiwa. Nimewekwa mgeni wa heshima kwenye harambee mbili ambazo sikuulizwa, na kiasi changu kikatangazwa kabla sijasikia. Mjomba ninayemheshimu sana ameniomba nimpatie kijana wetu aliyeko huku zabuni ya kukata nyasi. Nilimwambia, mjomba, sigawi zabuni, na hata ningegawa, sheria inamkataza mtu wa mji kuwa na maslahi yake kwenye mkataba anaoupitisha. Akakata simu. Ni wiki ya sita hajaongea nami, na kama anaangalia, mjomba, shikamoo, sikukudharau. Kila mkutano mimi nabadilishana shifti na mwenzangu, napoteza saa zangu za usiku ambazo ndizo zenye nyongeza. Kibao kile cha jina ni cha plastiki, nakirudisha sandukuni mkutano ukiisha.

Saa tano kasoro kumi, naingia ndani. Ajenda ya Jumatatu imebandikwa leo mchana. Jambo la sita ni vyoo: mkurugenzi analeta hesabu ya kuvifungua Jumamosi na Jumapili peke yake, na nimeshaandika maswali yangu. Yule mzee nimempigia, amesema atakuja.