Ngoma Iliyomo Ndani ya Mizani

MALENGA: Hamjambo wapenzi wasikilizaji, karibuni tena. Leo nina ugomvi na wapiga ala, na bahati mbaya mmoja wao ameketi mbele yangu.

MPIGA NGOMA: Dada, hata chai sijameza!

MALENGA: Utameza tukiendelea. Juzi nilipanda jukwaani kughani shairi, ukumbi mmoja hapa mjini. Mpiga gitaa akaanza vizuri. Kufika ubeti wa pili, gitaa limenifunika, hata sauti yangu mwenyewe siisikii.

MPIGA NGOMA: Hakuwa mimi, jamani, msije mkanisema. Lakini hebu niambie: ulimwonyesha unapumua wapi?

MALENGA: (anacheka) Sikumwonyesha.

MPIGA NGOMA: Basi kesi imeisha. Shairi la mizani 16, yaani silabi 16 kila mstari, limeshajikata lenyewe: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, kisha kituo; 8 za utao, nusu ya pili, kisha kituo. Mimi nahesabu mapigo manne kwa kila nusu, silabi mbili kwa kila pigo. Sikiliza. (anagonga meza) Nai-robi-kuna-vumbi, masi-kahu-jana-tope.

MALENGA: “Jana tope”! Mstari wangu ni “Nairobi kuna vumbi, masika huja na tope.” Umeuchinja!

MPIGA NGOMA: Nimeuchinja makusudi. Hapo ndipo kazi ya mghani ilipo. Mimi nalishika pigo, wewe unaivuta sauti juu yake mpaka “jana” irudi kuwa “huja na”. Tukilifuata pigo sote wawili, tunakuwa askari wa gwaride.

MALENGA: Hilo nimelikubali, ingawa linaniuma. Ndiyo maana hata mashairi ya Muyaka, yule malenga wa kale kule Mombasa, yalikaa vichwani mwa watu kwa miaka mingi kabla ya kuandikwa. Vina na mizani vilikuwa vinayabeba. Sasa vijana wetu wa mashairi huru, wasiohesabu mizani, utawapigia nini?

MPIGA NGOMA: Hao wananitoa jasho. Namwomba aghani mara tatu bila ala. Anapovuta pumzi mara zote tatu, naweka alama. Asipovuta mahali pamoja, bado hajalijua shairi lake.

MALENGA: Wengi wao wamepitia slam, yale mashindano ya kughani mashairi jukwaani. Unajua Marc Smith alipoyaanzisha Chicago, pale klabu ya Green Mill, mwaka 1986, waamuzi walitoka kwa watazamaji wenyewe? Na kwa kanuni zilizozoeleka Marekani, unapewa dakika 3, ala hazikubaliwi.

MPIGA NGOMA: Safi sana. Mtu akikosa ngoma, ulimi wake hujifunza kuwa ngoma. Halafu akija kwangu, namrudishia nusu tu.

MALENGA: Nusu?

MPIGA NGOMA: Kwenye kibwagizo nanyamaza kabisa. Pale ni pa ukumbi. Ukijaza sauti kila mahali, watu wataitikia wapi? Wataishia kushika simu, wanarekodi.

MALENGA: Kibwagizo changu hiki: “Tutembee polepole, tusije tukateleza.”

MPIGA NGOMA: Kizuri, mtu wa matatu ataitikia bila kufundishwa. Mpe mara ya kwanza peke yako, mara ya pili nyamaza nusu ya mwisho.

MALENGA: Tujaribu sasa hivi, kabla chai yako haijapoa.

MPIGA NGOMA: Imeshapoa. Haya.

(Kimya.)

MALENGA: Mbona hugongi?

MPIGA NGOMA: Hujapumua.