Mtoto wa Kilo 4.5 Naye Apimwe Sukari

Wakunga wenzangu, kisukari cha mimba, yaani sukari ya mama kupanda akiwa mjamzito, mnakijua, sitarudia. Nimekuja na lile lile: saa za mwanzo za mtoto wa mama huyo, sukari yake inapoweza kuporomoka. Mlionichoka nivumilieni.

Sukari ya mama hupenya kondo la nyuma, insulini yake (homoni inayoshusha sukari) haipenyi. Mama sukari ikipanda, kongosho la mtoto ndilo linalohangaika kutengeneza insulini ya ziada, wiki baada ya wiki, na mtoto ananenepa mabega na tumbo. Anazaliwa na kilo 4.5, wodi nzima inashangilia. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama imekoma, ila insulini imebaki mwilini na kazi inaendelea. Saa moja au mbili tu, sukari imeporomoka.

"Mbona ana mashavu na analia vizuri?" Mashavu hayo ni kazi ya insulini ile ile inayomshusha! Na wengi hawaonyeshi dalili. Ukingoja atetemeke, alegee, agome kunyonya au ashikwe na degedege, umechelewa.

Mkaushe, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, maana mtoto akipoa hutumia sukari haraka. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha kila saa 2 hadi 3, usiku pia. Pima sukari kwa tone la damu ya kisiginoni kabla ya kunyonya, na spiriti ya kusafishia ikauke kwanza. Ikiwa mbichi inaharibu kipimo. Chini ya milimoli 2.6 kwa lita, na mtoto ananyonya: jeli ya glukosi ya asilimia 40, mililita 0.5 kwa kila kilo, ipakwe ndani ya shavu, anyonye, apimwe tena baada ya dakika 30. Asiyeweza kunyonya au mwenye degedege apewe mshipani dekstrozi (maji ya glukosi ya sindano) ya asilimia 10, mililita 2 kwa kilo, na dripu ifuate papo hapo. Ukisukuma sindano ukaondoka, kongosho litajibu kwa insulini nyingine na sukari itashuka tena.

Kumnywesha maji ya glukosi kwa kijiko? Hapana, jamani. Yanapandisha kidogo na kujaza tumbo lililopaswa kupokea maziwa.

Naonyeshwa saa. Mapafu, basi: insulini nyingi huyachelewesha kukomaa, hivyo hata wa wiki 37 anaweza kuhema kama njiti. Hesabu pumzi, zikizidi 60 kwa dakika, mwite daktari. Matatizo mengine ya watoto hawa, yaani manjano, kalsiamu na damu nzito, mtaniuliza nje. Na mama apimwe sukari tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Siku ya kliniki ya mtoto msimtazame mtoto peke yake.