Kuupanda Ruaha Mkuu kwa Gari na Hema

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie safari ya gari na hema, na najua baadhi yenu mmekaa mkiingoja Serengeti. Leo haimo. Nawapeleka kusini, kwa njia ambayo wengi mmeshaipita mkisinzia kwenye basi la Mbeya. Njia hii inakutana na mto mmoja mara tatu, Ruaha Mkuu, na kila mkikutana nao mnakuwa mmepanda kuelekea utokako. Naomba muushike mto huo kichwani wakati nazungumza, kwa sababu bila huo mtaona wanyama tu na mtarudi.

Ukitoka Dar unaanza na Mikumi. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa kama kilomita 50, na kwa kupita tu hulipi kiingilio. Twiga na swala pala utawaona kwenye kiti chako cha basi. Kuna vibao vinavyotaja faini ya kugonga kila aina ya mnyama, na madereva wengine huvisoma kama matangazo ya biashara. Kwa maoni yangu kilomita hizo ndizo darasa letu kubwa la wanyamapori, na ndizo machinjio yao pia. Ukipata nafasi lipa, ingia ndani, ulale uwanda wa Mkata. Malipo hayapokelewi taslimu getini, kwa hiyo shughulikia namba ya malipo kabla hujafika.

Hema, tafadhali, lisiwe la buluu wala jeusi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Nguo nazo ni vivyo hivyo. Jinzi iache nyumbani.

Mikumi mjini, acha njia ya Iringa, pinda kushoto. Kidatu unavuka Ruaha Mkuu kwa mara ya kwanza. Hapo mto umeshafungwa bwawa. Mitambo ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na uwezo wake ni megawati 204. Mbele kidogo, baada ya mashamba ya miwa, ni Mang'ula, mlango wa Hifadhi ya Milima ya Udzungwa.

Hapa gari linafungwa. Hakuna barabara ya kutalii ndani ya msitu. Unatembea, na askari wa hifadhi yupo nawe. Maporomoko ya Sanje yanashuka kiasi cha mita 170, na ukifika chini yake miguu inatetemeka kwa uchovu na kwa mvumo. Lakini mimi naupenda msitu wenyewe kuliko maji. Umeanza tambarare, mita mia mbili na kitu juu ya usawa wa bahari, ukapanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, linaloanzia Taita kule Kenya. Mawingu ya Bahari ya Hindi yanaigonga, mvua inashuka upande huu, na viumbe waliojitenga humu kwa mamilioni ya miaka wamekuwa wa hapa tu. Mbega mwekundu wa Udzungwa hayupo kwingine duniani. Mwaka 1979 wanasayansi walimtambua nyani mdogo wa Sanje, ambaye watu wa vijiji vya jirani walikuwa wakimfahamu muda wote. Kipunji naye alitangazwa 2005, akiwa amepatikana huku na kule Rungwe. Nyani mzima, karne hii! Sijui mnasubiri nini Dar es Salaam.

Rudini Mikumi, mshike njia ya Iringa. Sasa mnazunguka nyuma ya milima ileile, na nchi inabadilika: mibuyu, miiba, joto. Mvua imeishia upande wa pili. Ruaha Mbuyuni mnavuka mto mara ya pili, na vile vitunguu mnavyonunua pale dirishani vimenyweshwa maji yake. Kisha mlima wa Kitonga. Maroli ya Tunduma yanapanda polepole, nanyi pandeni polepole nyuma yao. Kuovateki kwenye zile kona ni kutafuta makubwa. Iringa jazeni mafuta, mnunue mboga, mvae sweta kama ni Juni au Julai.

Kutoka hapo ni kama kilomita 130 hadi Msembe, katikati ya Hifadhi ya Ruaha, sehemu kubwa vumbi. Hifadhi hii ina kama kilomita za mraba 20,000 na haina foleni ya magari kumzunguka simba mmoja. Kambi hazina uzio. Machungwa na maembe yaishe kabla ya geti, maana tembo hunusa tunda na gari lako kwake si kizuizi. Viatu ingizeni ndani, fisi anavipenda.

Na mto? Njooni Oktoba. Kwa vizazi Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi. Utaona mchanga mtupu, viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope, na tembo wakichimba kwa mguu na mkonga mpaka maji yachuruzike chini. Watalii hupiga picha nzuri sana siku hizo, kwani kila mnyama yupo mtoni. Mimi picha hizo huziangalia kwa tabu.

Sababu haiko hifadhini. Maji ya mto yanashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, yanaingia bonde la Usangu, yanajaza ardhioevu ya Ihefu, kisha yanamwagikia Ruaha kupitia mwamba wa Ng'iriama. Ihefu ikishuka chini ya ukingo wa mwamba huo, hakitoki kitu. Na Ihefu inashuka kwa sababu mifereji ya mpunga imeshachukua maji juu yake. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, na 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Mto haukurudi kama zamani, mifereji ilibaki.

Kwa hiyo mwenye siku za ziada asigeuzie gari Msembe. Arudi Iringa, ashike lami ya Mbeya hadi Chimala na Igurusi. Kushoto atakuwa na milima, kulia mashamba ya mpunga hadi macho yachoke, na chini ya madaraja madogo vijito vinapita kutoka huku kwenda kule. Asimame, aulize bei ya mchele. Ni huohuo unaouzwa sokoni kwetu kwa jina la Mbeya, na tunaogombania gunia lake kila msimu wa harusi.