Faini imetumwa kwenye nyumba uliyohama

HALIMA: Haya karibuni, ni Halima hapa na mwenzangu Baraka, tuko Sinza kama kawaida na mkisikia bodaboda zinapita nje mtuvumilie. Leo nataka tuongelee faini ya gari inayotumwa kwenye anwani ambayo mwenyewe haishi tena. Kaka yangu anaishi London miaka mingi, alikuja Dar likizo, yuko hapa hapa nyumbani kwa mama anakunywa chai, simu ikalia, wasapu, Mtanzania mwenzie aliyepanga kwenye fleti aliyokuwa anakaa zamani amemtumia picha ya barua. Barua inasema anadaiwa faini ya kupaki, faini imeshaongezwa, na deni limeshasajiliwa mahakamani.

BARAKA: Mahakamani! Na barua za mwanzo?

HALIMA: Hajaona hata moja.

BARAKA: Mh. Hebu tueleze kwanza ilifikaje huko, maana sisi hapa tumezoea trafiki anakusimamisha mnaongea uso kwa uso.

HALIMA: Kule London kwenye kupaki anayehusika ni halmashauri, siyo polisi. Ukipaki pasipotakiwa mtu wao anakubandikia karatasi kwenye kioo, wanaita PCN, ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu. Zikipita siku 28 kimya, halmashauri inauliza DVLA, hao ndo wanatunza rekodi za magari, kwamba namba hii ni ya nani, inapewa jina na anwani, inamtumia mwenye gari notisi kwa posta. Hapo una siku 28 za kulipa au kupinga. Ukikaa kimya wanapandisha deni kwa asilimia 50, wanakupa siku 14, ukikaa kimya tena wanalisajili kwenye kitengo cha mahakama kiko Northampton kinaitwa Traffic Enforcement Centre, unapewa siku 21, na baada ya hapo ni madalali wa mahakama, hao wanaweza kuondoka na gari. Na siku zote hizo zinahesabiwa iwe umeiona barua au hujaiona, hicho ndo kinachoniuma mimi, yaani mtu anaonekana mkaidi kumbe hajui kitu.

BARAKA: Na ile karatasi ya kwenye kioo?

HALIMA: Hakuikuta. Upepo, mtu kapita kaichomoa, hatujui.

BARAKA: Sasa dada, alipohama si alitakiwa kuwaambia hao wa magari?

HALIMA: Aliwaambia, ila aliwaambia kuhusu leseni. Akabadilisha anwani ya leseni ya udereva akajua na gari tayari, si ofisi ni ile ile. Kumbe kadi ya gari, kule wanaiita V5C, inabadilishwa peke yake. Ni bure, unafanya mtandaoni, na usipofanya sheria inaruhusu upigwe faini mpaka pauni 1,000. Kwa hiyo wewe mwenye ndugu Uingereza ambaye amehama karibuni, mpigie muulize hivyo vitu viwili kimoja kimoja, leseni umebadilisha, kadi ya gari je.

BARAKA: Mimi ningelipa tu ningemaliza.

HALIMA: Mama alisema hivyo hivyo! Lipa mwanangu usije ukakamatwa eapoti ukirudi. Masikini mama hakulala vizuri siku ile. Ikabidi tumweleze kwamba faini ya kupaki ya halmashauri ni deni la madai, siyo jinai, hakuna anayekamatwa eapoti kwa ajili yake. Lakini kulipa haraka kuna shida yake, ukishalipa mara nyingi umeifunga kesi mwenyewe, lile ongezeko ulilobambikwa hulirudishi tena.

BARAKA: Enhe, akafanyaje?

HALIMA: Kuna fomu mbili, TE9 na TE7. TE9 ni maelezo yako unayosaini kwamba sikupokea ile notisi. TE7 ni ya kuomba wakupokee ingawa umechelewa, maana zile siku 21 zilikuwa zimepita. Tukaenda steshenari pale Sinza Kijiweni, akaprinti, akajaza kwa peni, akasaini, wakaskani, akatuma kwa imeili, yote hayo akiwa Dar. Na ombi likishapokelewa, ufuatiliaji wa deni unasimamishwa wakati wanaamua, kwa hiyo hata madalali wanatakiwa watulie.

Sasa nisikilizeni hapa, hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Rasimu yake ya kwanza alikuwa ameandika karatasi nzima kueleza kwa nini alipaki pale, kibao hakikuonekana, sijui mvua ilikuwa inanyesha. Northampton hawaulizi hayo! Wao wanataka kujua vitu viwili tu, ulipata notisi au hukupata, na kwa nini umechelewa. Kwa hiyo tukafuta yote, tukaandika tarehe. Mkataba wa fleti ya zamani uliisha tarehe hii, mpya umeanza tarehe hii, bili ya kodi ya halmashauri ya nyumba mpya hii hapa, kuhusu deni nimejua tarehe hii kwa picha ya wasapu, na picha yenyewe akaiambatanisha ikiwa na tarehe yake.

BARAKA: Fupi na ina ushahidi.

HALIMA: Tena iwe kweli tupu. Kama barua uliipata ukaitupa kwenye droo, usisaini ile fomu, uongo pale ni kosa la kudharau mahakama, hapo sasa umetoka kwenye deni umeingia kwenye balaa lenyewe. Na halmashauri ina haki ya kupinga ombi lako, wanaweza kusema mbona kadi ya gari hukubadilisha, kwa hiyo siyo kwamba ukiomba umepata.

BARAKA: Na kaka alipata?

HALIMA: Alipata. Usajili wa deni ukafutwa, na lile ongezeko likafutwa, halmashauri wakatuma notisi upya kwenye anwani sahihi. Faini yenyewe haikufutwa, na akailipa, kwa sababu ukweli alipaki sehemu ya wakazi wenye vibali. Mimi naona hiyo ndo haki, alipe kosa lake, asilipe na barua ambayo hakuiona.

BARAKA: Na hiyo ni ya kupaki tu ee? Siyo ya spidi?

HALIMA: Spidi ni polisi, ni jinai, njia yake ni nyingine kabisa, msichanganye fomu.

BARAKA: Unajua kwetu hii ipo sana, ila kwetu kinachopotea siyo anwani, ni jina. Mtu anauza gari, anapokea hela, anatoa funguo na kadi, mkataba umeandikwa kwa mwanasheria, basi, hakuna anayeenda TRA kuhamisha umiliki. Miaka inapita gari liko Tunduma linasomeka jina lako wa Tabata. Na faini zinakaa kwenye namba ya gari, siyo kwenye sura ya dereva. Mimi nilinunua gari kwa mtu, siku nimesimamishwa Kimara trafiki anaingiza namba anakuta madeni ya nyuma, elfu thelathini thelathini zimepangana, za makosa ya mwenzangu huyo. Nilizilipa, na nilikuwa na hasira kwelikweli, maana yule bwana alikuwa anajua.

HALIMA: Kwa hiyo mtu afanyeje kabla?

BARAKA: Kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye mfumo wa polisi wa TMS mtandaoni, weka namba ya gari, uone deni. Likiwepo muuzaji atoe kontroo namba alipe kwa simu mbele yako. Ukishanunua, nendeni wote wawili TRA, kadi, mkataba, TIN za wote. Usikubali ile ya nitakuja wiki ijayo.

HALIMA: Na wewe unayepokea barua ya mtu aliyehama?

BARAKA: Usiitupe. Yule mpangaji wa fleti ya zamani angeitupa ile bahasha, kaka yako angejulia kwa madalali.

HALIMA: Kabisa, na tumemshukuru sana yule kijana. Kama mwenyewe humjui, andika juu ya bahasha kwamba huyu haishi hapa, irudishe posta. Na hapa kwetu wengi barua zetu zinapita S.L.P. ya kazini, ukiacha kazi nenda masjala uwaachie namba yako ya simu, na uwaombe wasirudishe kitu chochote chenye jina lako kabla hawajakupigia.