Picha za Kumalizia Mkanda

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Maisha yangu yote nimewaambia watu "tulia, usiongee, angalia hapa", na leo hapa Moshi mmenigeuzia kibao.

Nianze na mkanda, ule wa filamu uliokuwa unatiwa ndani ya kamera, maana vijana wa simu hamkuujua. Mkanda wa kawaida ulikuwa na picha 36, na kila picha ilikuwa hela. Jumamosi unaitwa kipaimara Kibosho. Unapiga picha 31, mbege inaanza kufanya kazi yake, watu wanakataa kusimama wima, sherehe imekwisha. Jumatatu mteja anataka picha zake. Mkanda hausafishwi nusu ukabaki nusu. Basi Jumapili jioni unasimama uani na picha tano mkononi, unapiga chochote ili mkanda uishe. Mlango. Paka juu ya gunia. Jirani anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Mama anapepeta mchele, anakufokea kwamba unachezea pesa.

Ndizo tulizoziita picha za kumalizia mkanda. Mteja hakuziona, wala sikumtoza. Nyingi sikuzitoa hata kwenye karatasi. Zilibaki negativu ndani ya bahasha, bahasha ndani ya boksi la viatu.

Mwaka juzi niliyafungua yale maboksi. Maharusi ni wengi kuliko ninaoweza kuwahesabu, na nawaambieni kweli, siwakumbuki. Wote wamesimama vilevile, bibi harusi kushoto, keki mbele, macho yamekodolewa na flashi. Lakini nilipofika mwisho wa kila mkanda, mkono ulikuwa unasimama wenyewe. Yule paka nilimjua. Ule mlango, ile kufuli iliyokuwa haifungi mpaka uunyanyue mlango kidogo, niliisikia kabisa sauti yake.

(Kwa kupita tu: mwenye picha za rangi za zamani asishangae zikiwa nyekundunyekundu. Mara nyingi ile rangi ya samawati ndiyo hutangulia kufifia. Za nyeusi na nyeupe zimevumilia kwa sababu weusi wake ni chembe za fedha, fedha yenyewe ile ya pete.)

Tatizo likawa tarehe. Za harusi ziliandikwa kwenye bahasha, jina na kiasi kilichobaki kulipwa. Za kumalizia mkanda hazikuwa na lolote. Ikabidi nisome majira. Tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, hiyo ni masika, kati ya Machi na Mei. Masweta, na anga kama sufuria iliyopinduliwa, huo ni mwezi wa saba, wakati mlima unajifunika hata wiki nzima na wageni wanatuuliza kama kweli upo. Mijakaranda imechanua, basi vuli inakaribia. Kahawa imeanikwa, umeshavuka katikati ya mwaka. Magari yenye vumbi la safari ndefu yamejaa kwenye migomba, hapo huhitaji kuambiwa: Wachagga wamerudi nyumbani kwa Krismasi.

Pasipo na hayo, kuna kivuli. Tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, na mlima uko kaskazini yetu. Juni jua linapita upande wa mlima. Ukiutazama mlima mchana, kivuli chako kiko nyuma yako. Desemba jua limehamia kusini, kivuli kinatangulia mbele yako kuelekea mlimani. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwezi Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, saa sita mchana unakikanyaga. Nimeutembea mji huu miaka mingi nikikwepa jua la saa sita kwa sababu linatia macho ya watu shimoni, na sikujua kwamba lilikuwa linaniandikia tarehe.

Nyuma ya kamba ya nguo ya mama kulikuwa na Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro. Kwenye picha moja ni kanga mbili na shuka, na juu yake ile theluji. Sikuwa napiga theluji. Wataalamu walioilinganisha wanasema kati ya mwaka 1912 na 2007 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kibo lilitoweka. Mimi sikuona ikiondoka. Niliona kanga.

Kuna bwana mmoja alikuja studio akitafuta picha ya marehemu baba yake. Nilipiga harusi ya dada yake, akadhani lazima mzee yumo. Tulipekua mkanda mzima. Mzee siku hiyo alikuwa jikoni anasimamia nyama. Tulimkuta kwenye picha ya 35, nilipokuwa namalizia: amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, amevua kiatu kimoja, anakikung'uta. Yule bwana aliishika muda mrefu. Aliniuliza kama ninaweza kumkuza na kumkata hapa kifuani, ile ndoo isionekane. Nikamkuzia. Kisha akarudi kesho yake kuomba nyingine yenye ndoo.

Nyie wa simu mnapiga picha nyingi kuliko mimi, hilo silibishi. Ila simu haina picha ya 36. Hakuna kinachowalazimisha kupiga kisicho na maana, na ikitokea mmepiga, jioni mnaifuta ili mpate nafasi. Mimi niliokolewa na ubahili tu.

Mzimishe taa, nitaonyesha moja kisha tule chai.

Huyu ni mama. Ungo uko mapajani. Miguu haina tope. Ni alasiri, kivuli chake kimelala upande wa kulia kikielekea mlimani, kwa hiyo ni Desemba au Januari. Anacheka, lakini hanichekei mimi. Anamwangalia mtu aliye nje ya picha, kushoto. Baba yangu hakupenda kamera, na mpaka anafariki nilikuwa na picha yake moja tu, ya kitambulisho. Sasa angalieni hapa chini, pembeni kushoto. Mimi mwenyewe nimeiona mwaka juzi. Kuna kivuli cha pili kinaingia. Kina kofia ya pama.