Kuondoa mlio wa tapeti kwenye Morris Minor

Karibuni. Kabla sijasema lolote, sikilizeni injini kwanza.

Mmesikia? Tik-tik-tik, nyepesi na kali, inaongezeka nikikanyaga mafuta. Yeyote akiusikia mlio huu atasema ni tapeti, na mara nyingi anakuwa amepatia. Mara nyingi, si mara zote. Kwa hiyo hatufungui nati hata moja mpaka tujue unatoka wapi.

Gari ni Morris Minor, injini ni A-Series ya BMC, kampuni ya magari ya Uingereza. Injini hii ilianza kwenye Austin A30 mwaka 1951, ikaingia kwenye Minor mwaka uliofuata, na gari dogo la Mini lilipotoka mwaka 1959 likapewa hiyo hiyo. Mwenye Mini basi asiondoke. Kamshafti, yaani shafti yenye nundu, imelala chini ndani ya bloku, kiwiliwili cha injini. Inainua tapeti (kikombe kidogo cha chuma), tapeti inasukuma pushirodi (fimbo nyembamba), pushirodi inainua roka (mkono unaobembea) upande mmoja, na upande wa pili roka inakandamiza valvu, mlango mdogo wa kuingiza hewa na mafuta au kutoa moshi. Popote vyuma viwili vinapokutana hapo, kelele inaweza kuzaliwa.

Anza na kijiti cha oili. Oili ikiwa pungufu au imekuwa nyepesi kama maji, jaza au badilisha, kisha sikiliza upya. Wapo watakaomaliza kazi hapa hapa.

Sasa tuwatoe washukiwa wengine. Fungua swichi bila kupiga stata. Ile tika-tika inayosikika na kunyamaza ni pampu ya petroli ya SU, inayotumia umeme, usiihangaikie. Halafu washa injini ikiwa baridi na utazame pale manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi) inapoungana na hedi, kichwa cha injini. Gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, ikivuja hapo hutoa mlio unaofanana sana na wa tapeti. Tafuta alama za masizi meusi, au shika kipande cha mpira wa bomba, upande mmoja sikioni, mwingine ukiupitisha kwenye maungio bila kugusa chuma cha moto. Moshi unaovuja utausikia ukipuliza.

Tofauti kubwa zaidi ni mwendo wa mlio. Kamshafti huzunguka mara moja wakati krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili. Injini ikienda mizunguko 800 kwa dakika, valvu moja iliyolegea itagonga mara 400, yaani chini kidogo ya mara saba kwa sekunde. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) iliyokwisha haina mwendo huo: inagonga kwa mwendo wa krenki, sauti yake ni nzito, inatoka chini, na inazidi injini ikibebeshwa mzigo. Ukiisikia hiyo zima gari, wala usiliendeshe hadi kwa fundi. Lifuatwe.

Chukua bisibisi ndefu. Ncha iweke kwenye kifuniko cha roka, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Funga mikono ya shati, na feni na mkanda uviheshimu. Mlio ukiwa mkali juu na hafifu ubavuni mwa bloku, tuko kwenye roka. Ukiwa mkali mbele kabisa na una mkwaruzo, fikiria cheni ya taimingi, ile inayozungusha kamshafti.

Kwetu leo ni juu. Tunafungua kifuniko, nati mbili tu, na kuwasha injini taratibu kwa muda mfupi. Jambo la kwanza ninalotazama ni oili: kila roka inatakiwa kulowana. Shafti ya roka ina uwazi ndani na hupokea oili kupitia nguzo moja tu, kwa hiyo tope likiziba, roka za mbali hukaa na kiu. Nikiona roka kavu, kuseti nafasi kati ya roka na valvu ni kazi bure mpaka shafti itolewe na kusafishwa.

Sasa injini ikiendelea kunguruma, nachomeka fila nyembamba, yaani kibati cha kupimia nafasi, kati ya roka na mkia wa valvu, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, hakuna badiliko. Ya pili, hakuna. Ya tano... imenyamaza. Mhalifu amepatikana. Nazima, naacha injini ipoe kabisa, kwa sababu kipimo cha nafasi hiyo kwenye injini hii kwa gari la kawaida ni inchi 0.012, sawa na milimita 0.30, ikiwa baridi. Injini nyingine hupimwa zikiwa moto, na kila moja ina namba yake. Fuata kitabu cha gari lako.

Chomoa waya wa ethi wa betri, gia iwe huru, brek ya mkono juu, toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Minor ina hendeli ya mbele; kwenye Mini weka gia ya nne na usukume gari polepole.

Kujua valvu ipi ipimwe lini, tunatumia hesabu ya tisa. Hesabu valvu kuanzia mbele, 1 hadi 8. Zungusha mpaka valvu ya 8 iwe imekandamizwa hadi mwisho, kisha pima ya 1, kwa kuwa 8 na 1 ni 9. Ya 6 ikiwa chini, pima ya 3. Ya 4, pima ya 5. Ya 7, pima ya 2. Halafu 1 kwa 8, 3 kwa 6, 5 kwa 4, 2 kwa 7. Kwa mpangilio huo unamaliza zote nane kwa mizunguko miwili ya krenki.

Legeza nati ya kufungia kwa spana, zungusha skrubu kwa bisibisi mpaka fila ipite kwa kukwaruza kidogo. Sasa shikilia skrubu isisogee huku ukikaza nati. Pima tena! Nati ikikazwa hupenda kuvuta skrubu, na hapo ndipo wengi huharibu kipimo.

Na usishawishike kubana zaidi ili gari linyamaze. Valvu hupoza joto lake inapokaa kwenye kiti chake. Ukiibana, haikai sawasawa, na ya ekzosi ndiyo itaungua kwanza. Kwenye injini hii za ekzosi ni 1, 4, 5 na 8. Mimi nikisikia tapeti zikinong'ona kidogo nalala usingizi. Gari kuukuu lisilotoa hata tik moja ndilo ninaloliwekea fila.

Je, umeseti vizuri na bado inagonga? Tazama uso wa roka unaogusa valvu. Ukiwa na kishimo, fila hupita juu yake kama daraja: inasoma 0.30 wakati nafasi halisi ni kubwa zaidi. Roka hiyo inachongwa upya au inabadilishwa. Shika pia roka uitikise juu na chini. Ikicheza, bushi au shafti imelika, na shafti hulika upande wa chini usioonekana. Tahadhari kabla ya kuitoa: nati nne kati ya nane za nguzo zake ndizo pia zinazoshika hedi. Mwaga maji ya rejeta, legeza nati zote za hedi kidogo kidogo kwa mpangilio wa kitabu. Pushirodi zitoe kwa kuzitikisa kwanza ziachane na tapeti, zipange kwa zamu yake, na uzivingirishe juu ya kioo, iliyopinda itajionyesha.

Rudisha kifuniko na gasketi mpya, ukikaza kwa kiasi, maana gasketi ya koki (kama kizibo cha chupa) ikibanwa mno hupasuka na kuvuja.

Washa. Sikilizeni sasa.

Baada ya kilomita 500 hivi pima tena. Kama valvu ile ile imeongeza nafasi na nyingine zimetulia, tapeti yake au kamshafti inaliwa. Minor ina vifuniko viwili ubavuni mwa bloku, nyuma ya manifoldi, ambako tapeti hutolewa na kukaguliwa chini yake. Zikiwa na vidonda, badilisha tapeti zote pamoja na kamshafti. Tapeti mpya juu ya kamshafti iliyolika nazo zitalika upesi.