Fort Jesus Ilipokuwa Kambi ya Askari

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Mgeni akija Mombasa akapelekwa kwenye ngome ya Fort Jesus, husimuliwa kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, kisha Waingereza wakaja kuifanya jela. Akipata mwongozaji mwenye subira, atasikia pia jinsi Waomani walivyoizingira tangu 1696 hadi wakaitwaa 1698. Mimi leo naomba tukae kwenye kipande kinachorukwa, miaka 58 ya kambi.

Mwaka 1837 Seyyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, aliwaondoa Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, akaweka askari wake ngomeni. Wengi walikuwa Wabulushi, watu wenye asili ya Baluchistan, na kiongozi wao akiitwa jemadari. Leo ukisema jemadari, mtu anawaza jenerali mwenye nishani kifua kizima. Yule wa ngomeni alikuwa mkuu wa kikosi cha kulinda boma, basi. Askari hawakukaa kwenye majumba ya Wareno peke yake; walijijengea vibanda humo humo ndani ya kuta. Kwa hiyo msiwaze ngome kimya kama mnavyoiona sasa. Ilikuwa mtaa wa watu. Na wajukuu wa Wabulushi hao hawajaenda mbali, nendeni Makadara, hapa Mombasa, mkawasalimie.

Lakini askari akikaa na mizinga juu ya mji, naye humjia mawazo. Muhammad bin Abdallah, aliyekuwa Akida, yaani mkuu wa askari wa ngome, alimwasi Sultan Barghash wa Unguja. Januari 1875 Barghash, aliyeko Unguja, hakuwa na njia ya kumtoa mtu wake mwenyewe ndani ya ngome yake mwenyewe! Zikaja manowari mbili za Uingereza, Nassau na Rifleman, zikaipiga mizinga mpaka Akida akasalimu amri. Kwangu mimi, hapo ndipo ngome ilipobadilisha mkono. Bendera ya Sultani iliendelea kupepea, ila kila mtu mjini alikwisha kuona ni nani mwenye nguvu. Yaliyotokea tarehe 1 Julai 1895, Waingereza walipotangaza himaya yao, yalikuwa kukamilisha tu.

Wakaigeuza jela. Na hapa lugha yetu ina mzaha wake: wengi wa wanaochunguza maneno husema “gereza” limetokana na neno la Kireno la kanisa. Wazee walilitumia kwa maana ya ngome, kama lile Gereza la Kilwa Kisiwani, kabla halijawa la wafungwa. Fort Jesus iliitimiza safari hiyo ya neno kwa mawe.

Vibanda vya askari vilivunjwa, vikajengwa vyumba vya wafungwa, na jela ikadumu hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960. Mkiingia leo, mtavuka ule uwanja wa kati mkidhani ni mahali pa kupumzikia tu kabla ya kufika kwenye vyombo vya kauri. Hapo ndipo vibanda vilipokuwa.